Programu Huria au ya Kulipia Leseni: Kupiga Hesabu ya Gharama Halisi kwa Ofisi ya Kompyuta 20

Leseni ya LibreOffice, programu huria ya kuandika na kupiga mahesabu, ni shilingi sifuri. Microsoft 365, yenye Word na Excel, inalipiwa kwa dola, kwa kila mtu, kila mwezi. Ofisi nyingi huishia hapo na kuamua, kisha mwaka wa pili zinajiuliza pesa zimekwenda wapi. Sehemu kubwa ya gharama ya programu yoyote hulipwa kwa siku za kazi: siku za fundi, siku za wafanyakazi kujifunza upya, siku za kurekebisha mafaili yaliyovurugika. Siku hizo hazina ankara, kwa hiyo hazionekani mpaka mtu akae chini azihesabu.

Tutatumia mfano mmoja tangu mwanzo hadi mwisho: kampuni ya uwakala wa forodha mjini Mombasa, kompyuta 20, inayochagua kati ya kuendelea na Microsoft 365 na kuhamia LibreOffice pamoja na seva ya ofisini yenye Nextcloud, programu huria ya kuhifadhi na kushirikishana mafaili. Bei zote za mfano, na dola kwa KSh 130, ni za kuonyesha namna ya kupiga hesabu. Weka zako kutoka kwenye ankara. Muda ni miaka 5, kwa sababu huo ndio umri wa kawaida wa vifaa vya ofisi. Ukihesabu miaka 2 tu, gharama ya kuhama inaulemea upande wa huria isivyo haki.

Tuelewane pia kuhusu maneno. Programu huria ni ile ambayo msimbo wake uko wazi na leseni yake inakuruhusu kuitumia, kuibadilisha na kuisambaza. Programu miliki ni ile ambayo mwenyewe amekupa ruhusa ya kuitumia tu, kwa masharti yake. Huria na bure ni vitu viwili: Red Hat Enterprise Linux, mfumo wa kuendesha kompyuta kama ilivyo Windows, ni huria lakini huuzwa kwa ada ya mwaka, na WPS Office ina toleo la bure lakini si huria.

Hatua ya 1: Orodhesha kazi, usiorodheshe programu

Chukua karatasi, andika kila kazi ambayo programu ya sasa inafanya. Kosa kubwa kuliko yote hutokea hapa. Mtu analinganisha Microsoft 365 na LibreOffice, kumbe kwenye ile ada ya mwezi kulikuwa pia na barua pepe, hifadhi ya mafaili na mikutano ya video. LibreOffice haina hata kimoja kati ya hivyo. Usipoweka badala ya kila kitu kwenye karatasi, unalinganisha gari zima na injini peke yake.

Kwa kampuni yetu orodha inatoka hivi: kuandika barua na ankara, mahesabu ya ushuru kwenye Excel, barua pepe, kuhifadhi na kushirikishana mafaili, uhasibu, na mifumo ya KRA, mamlaka ya mapato ya Kenya, inayofunguka kwenye kivinjari. Uhasibu utauacha nje ya hesabu hii. Programu ya uhasibu Kenya inahusiana na eTIMS, mfumo wa KRA wa ankara za kielektroniki, na Tanzania inahusiana na mashine ya risiti ya EFD au mfumo wa VFD wa mamlaka ya mapato, TRA. Uamuzi wake una masharti yake, na haubadilishwi katikati ya mwaka wa fedha. Ukiuchanganya na uamuzi wa LibreOffice, vyote viwili vitakwama.

Jambo moja tuliseme waziwazi. Kama Windows au Office mnayotumia leo ilifunguliwa kwa krak, yaani kifungulio cha kuvunja leseni, gharama yenu ya sasa si sifuri. Vifungulio hivyo huomba kinga ya virusi izimwe ndipo vifanye kazi, na mlango huo hubaki wazi. Weka upande wa miliki kwa bei halali, au usiuweke kabisa.

Hatua ya 2: Kagua mafaili kabla ya kuuliza bei

Gharama ya kuhama imo ndani ya mafaili yenu. Kwenye kompyuta yenye folda ya pamoja, fungua dirisha la amri la Windows, nenda kwenye folda hiyo, andika:

`dir /s /b *.xlsm *.xls *.docm *.mdb *.accdb > orodha.txt`

Faili la orodha.txt litakupa mafaili ya aina hizo yenye uwezekano wa kuwa na makro, yaani amri zinazojiendesha ndani ya faili, pamoja na hifadhidata za Access. Mengi yatakuwa ya zamani ambayo hakuna anayeyafungua. Waulize wakuu wa idara yapi yanatumika kila wiki. Kwa kawaida yanabaki machache. Hayo machache ndiyo yatakayokula siku.

Sasa chagua mafaili 10 magumu kuliko yote, yafungue kwenye LibreOffice, na uandike kinachotokea. Fomula za kawaida, pamoja na VLOOKUP, zitafanya kazi. Makro za VBA, lugha ya makro ya Microsoft Office, zinafanya kazi kwa sehemu: nyingine zinapita, nyingine zinakwama katikati. Power Query, zana ya Excel ya kuvuta na kupanga data, haifanyi kazi, hiyo ijengwe upya kwa njia nyingine. Kwa kila faili andika namba moja tu: siku ngapi za fundi kulirekebisha. Usikubali jibu la "haitachukua muda."

Faili la Excel la ritani ya kodi kutoka iTax, tovuti ya KRA, ni mtihani wa peke yake. Linaendeshwa na makro zinazokagua ulichojaza na kutengeneza faili la zip la kupandisha kwenye tovuti. Makro isipomaliza, hakuna zip, na tarehe ya mwisho ya ritani haisubiri fundi wako. Uamuzi wa busara ni kubakiza leseni 2 za Excel kwenye dawati la uhasibu na kuziweka kwenye hesabu ya upande wa huria. Anayesema atahama asilimia 100 kwa ajili ya msimamo huishia kukopa kompyuta ya jirani kila tarehe 20.

Tatizo la pili halisababishwi na makro hata kidogo, linatokana na fonti. Ankara yenu imeandikwa kwa Calibri. Kompyuta ya Linux haina Calibri, kwa hiyo LibreOffice inaweka fonti nyingine iliyo pana kidogo. Jedwali linasukumwa chini mstari mmoja, jumla inabaki ukurasa wa kwanza, na nafasi ya sahihi na muhuri inahamia ukurasa wa pili peke yake. Mteja akiipokea anadhani mmekosea. Dawa ni kusakinisha fonti za Carlito na Caladea, zilizochongwa kwa vipimo vilevile vya Calibri na Cambria, kwenye kila kompyuta kabla ya siku ya kwanza. Ni kazi ya dakika 5 kwa mashine, na ikisahauliwa italeta malalamiko mengi kuliko jambo jingine lolote.

Wekeni pia kanuni ya kutuma: nyaraka zilizokamilika ziende nje kwa PDF. Faili la docx litumwe tu pale mtu wa nje anapotakiwa kulihariri. Faili linalokwenda na kurudi kati ya Word na LibreOffice mara nyingi hupoteza mpangilio wa namba za aya.

Hatua ya 3: Jaza upande wa miliki

Tuseme ada ni dola 10 kwa mtu kwa mwezi. Watu 20 kwa miezi 60 ni dola 12,000, yaani KSh 1,560,000. VAT ya asilimia 16 ni KSh 249,600. Jumla ya leseni: KSh 1,809,600.

Haiishii hapo, maana programu ya kulipia nayo ina fundi wake. Kuna maneno ya siri ya kubadilisha, akaunti za wanaoajiriwa na wanaoondoka, mafaili yanayogoma kusawazishwa. Weka siku 1 kwa mwezi kwa KSh 5,000: miezi 60 ni KSh 300,000. Ongeza diski 2 za nje za nakala za akiba, KSh 24,000, kwa sababu kuweka faili kwa mtoa huduma si sawa na kuwa na nakala ya akiba. Aliyefuta folda kwa makosa ameifuta kila mahali. Mwisho weka KSh 50,000 za kutoka siku mkataba ukiisha, siku 10 za fundi kupakua barua pepe na mafaili yote na kuyapanga.

Jumla ya miaka 5 upande huu: KSh 2,183,600.

Hatua ya 4: Jaza upande wa huria

Hapa ndipo uaminifu unapotakiwa zaidi, kwa sababu wapenzi wa programu huria, nasi tumo, hupenda kuacha mistari kadhaa wazi. Siku ya mfanyakazi tumeihesabu KSh 2,500.

- Ukaguzi, majaribio na usakinishaji, siku 10 za fundi: 50,000
- Kurekebisha mafaili 3 magumu, siku 4 kila moja: 60,000
- Mafunzo, muda wa watu 20 kwa siku 2: 100,000
- Mkufunzi, makundi 2 ya watu 10, siku 4 kwa 10,000: 40,000
- Kupungua kwa kasi, nusu saa kwa siku kwa siku 32 za kazi, sawa na siku 2 kwa kila mtu: 100,000
- Fundi, siku 1 na nusu kwa mwezi kwa miezi 60: 450,000
- Barua pepe kwa mtoa huduma, KSh 200 kwa sanduku kwa mwezi: 240,000
- Seva 150,000, UPS (betri ya kushikilia umeme ukikatika) 25,000, diski 2 za akiba 24,000: 199,000
- Umeme wa seva ya wati 60, uniti 525.6 kwa mwaka kwa KSh 30, miaka 5: 78,840
- Leseni 2 za Excel zilizobakizwa, pamoja na VAT: 180,960

Jumla: KSh 1,498,800.

Mistari mitatu inahitaji maelezo. Barua pepe tumeinunua makusudi. Kujiendeshea seva ya barua pepe kunadai rekodi za SPF, DKIM na DMARC, zinazothibitisha kwamba barua imetoka kwenu kweli, zikae sawa, anwani ya IP isiyo na sifa mbaya, na umeme usiokatika. Siku barua zenu zitakapoanza kuangukia kwenye taka za wateja, hakuna atakayewaambia. Kwa ofisi ya watu 20 jambo hilo halistahili kabisa.

Nextcloud nayo ina tabia ambayo ni vizuri uijue mapema. Kila toleo kubwa huhudumiwa kwa takriban mwaka mmoja, na huwezi kuruka toleo: kutoka la 28 kwenda la 31 unapita la 29 na la 30 kwanza, na njiani huenda ukalazimika kupandisha toleo la PHP, lugha inayoiendesha Nextcloud, na la mfumo wa seva wenyewe. Anayepandisha kila mwaka hutumia nusu siku. Aliyeacha miaka 3 hutumia wikendi nzima, na mara nyingi huvunja kitu.

Na nakala za akiba: kabla ya kuahidi kwamba kila kitu kitapelekwa pia kwenye hifadhi ya mtandaoni, piga hesabu ya kupandisha. Terabaiti 1 kwa kasi ya Mbps 10 ni sekunde 800,000, zaidi ya siku 9 bila kukatika. Nakala ya kwanza ipelekeni kwa diski mkononi. Mabadiliko ya kila usiku ndiyo yapite kwenye mtandao. Diski moja ikae nje ya jengo. Kila baada ya miezi 3 fundi arudishe folda moja kutoka kwenye nakala na mtu wa idara aifungue. Nakala isiyowahi kurudishwa msiihesabu.

Sura ya gharama hii ni ileile hata kwenye miradi mikubwa. DHIS2, mfumo wa takwimu za afya uliokuzwa na mradi wa HISP wa Chuo Kikuu cha Oslo, ni huria, na Kenya ilianza kuutumia nchi nzima mwaka 2011. Leseni haikulipiwa, lakini seva, intaneti ya vituo na mafunzo ya watunza takwimu havikuwa vya bure.

Hatua ya 5: Tikisa hesabu mpaka ianguke

Tofauti ni KSh 684,800 kwa faida ya huria. Usiipeleke kwa mkurugenzi bado. Namba moja peke yake haimsaidii mtu. Anachohitaji kujua ni kipi kitaigeuza.

Anza na fundi. Kila siku ya ziada ya fundi kwa mwezi ni KSh 300,000 kwa miaka 5. Gawanya 684,800 kwa 300,000 upate 2.28. Jumlisha na ile siku 1 na nusu iliyokwisha kuhesabiwa: fundi akihitajika karibu siku 3.8 kwa mwezi, pande zote mbili zinalingana. Akihitajika siku 4, huria ni ghali zaidi. Hicho ndicho kizingiti cha ofisi hii, na ndiyo namba muhimu kuliko nyingine zote kwenye karatasi.

Kisha VAT. Kama kampuni imesajiliwa na inaidai VAT kwenye manunuzi yake, iondoe pande zote mbili. Tofauti inashuka hadi KSh 460,160 na kizingiti kinakuwa siku 3. Masuala ya kodi ya zuio kwa malipo ya programu yanayokwenda nje mpelekee mhasibu kabla ya kusaini, maana mzigo wake unaweza kukuangukia wewe uliyelipa.

Kisha dola. Januari 2023 dola moja ilikuwa kiasi cha KSh 123. Januari 2024 ilifika karibu 160, kabla ya kushuka tena hadi karibu 130. Ada ya mwaka ya dola 2,400 ilipanda kutoka KSh 295,200 hadi 384,000 bila mwenye programu kugusa bei. Kwa dola ya 160 miaka yote 5, tofauti yetu inafika KSh 1,060,640. Mafundi hulipwa kwa shilingi, na pesa hiyo inabaki Mombasa.

Mwisho, kuzima. Watu 20 wakikaa bila kazi saa 1 ni KSh 6,250. Seva ikilala siku nzima mara 2 kwa mwaka kwa sababu UPS imekufa, ni KSh 100,000 kwa mwaka, nusu milioni kwa miaka 5. Betri ya UPS ya KSh 6,000 inayobadilishwa kila miaka 2 au 3 ni matumizi ya busara kuliko yote humu.

Hatua ya 6: Tenga swali la Windows

LibreOffice inafanya kazi vizuri juu ya Windows. Huna sababu ya kubadilisha vyote viwili mwezi mmoja. Lakini Windows 10 iliacha kupata huduma ya kawaida tarehe 14 Oktoba 2025, na kompyuta zisizo na chipu ya usalama ya TPM 2.0 au zenye prosesa za zamani hazikubaliki rasmi kwenye Windows 11. Masasisho ya ziada kwa makampuni yalitangazwa kwa dola 61 kwa kompyuta mwaka wa kwanza, yakiongezeka maradufu kila mwaka: 61, 122, 244. Miaka 3 ni dola 427, yaani KSh 55,510 kwa mashine moja. Kwa pesa hiyo angalia kwanza bei ya kompyuta ya mtumba inayokubali Windows 11. Na mashine zinazotumika kwa kivinjari na barua tu, hizo ndizo za kuwekewa Linux mapema, mradi printa na skana zake zimejaribiwa. Printa zikikataa, watumiaji wataichukia Linux yote kwa ajili yake.

Hatua ya 7: Soma mlango wa kutokea

Kwa programu miliki, uliza kabla ya kusaini: tukiondoka, tunapata data yetu kwa muundo gani, kwa muda gani, kwa bei gani? Omba mfano wa faili. Baada ya kampuni ya Broadcom kuinunua VMware, yenye programu za kugawa seva moja kuwa nyingi, mwishoni mwa 2023, uuzaji wa leseni za kudumu ulisitishwa na wateja wakapelekwa kwenye ada za muda. Mteja aliyekuwa amepanga bajeti ya miaka 5 alilazimika kuipanga upya.

Huria haina kinga kamili. Desemba 2020 ilitangazwa kwamba CentOS 8, mfumo wa Linux wa seva uliokuwa ukitolewa bure, iliyotarajiwa kuhudumiwa hadi 2029, itaisha Desemba 2021. Terraform, zana ya kusimamia seva, ilibadilishiwa leseni mwaka 2023, na hifadhidata ya Redis mwaka 2024. Tofauti ni kwamba msimbo wa zamani hauwezi kunyang'anywa: OpenTofu ilizaliwa hivyo kutoka Terraform, na Valkey kutoka Redis. Angalia kama mradi unashikwa na taasisi au na kampuni moja, na tarehe ya toleo la mwisho.

Kifungo cha huria mara nyingi ni fundi mwenyewe. Akihama na manenosiri kichwani, umefungwa kuliko mteja yeyote wa leseni. Dai karatasi 3: mchoro wa mfumo, hatua za kurudisha nakala ya akiba, na orodha ya manenosiri kwenye bahasha iliyofungwa kwenye sefu. Kabla ya kuamua, hakikisha kuna mafundi wasiopungua 2, wasiohusiana, wanaoweza kuuhudumia mfumo huo mjini kwenu. Kama yupo mmoja tu, bakini na leseni.

Hatua ya 8: Jaribu kwa watu 4, miezi 3

Polisi wa Gendarmerie wa Ufaransa walianza na OpenOffice mwaka 2005, wakafuata Firefox na Thunderbird 2006, na Ubuntu ikaja kuanzia 2008, watu wakiwa wameshazoea programu. Fuateni mpangilio huo. Mji wa Munich uliamua kuhamia Linux mwaka 2003, ukafikisha karibu kompyuta 15,000, na mwaka 2017 baraza likapiga kura kurudi Windows. Kurudi nako kuna gharama, na ndiyo sababu ya kujaribu kidogo kwanza.

Chagua watu 4: mmoja wa nyaraka, mmoja wa mahesabu ya ushuru, mmoja wa mapokezi, na yule anayelalamika kuliko wote ofisini, kwa sababu atakupa orodha ya kasoro bure. Msianze mwezi wa ritani ya mwaka. Fundi aandike kila alichofanya kwenye daftari: tarehe, tatizo, dakika. Kazi za usakinishaji ziandikwe kando, zisichanganywe na huduma.

Baada ya miezi 3, jumlisha dakika za huduma. Usizizidishe mara 5 kiholela ukadhani ndiyo ofisi nzima, kwa kuwa huduma ya seva ni ileile kwa watu 4 au 20. Zidisha matatizo ya watumiaji tu, kisha ongeza ya seva. Gawanya kwa 480, yaani dakika za siku ya kazi ya saa 8, kisha kwa miezi 3, upate siku kwa mwezi. Ikitoka chini ya siku 2 kwa mwezi, endeleeni na kundi la pili. Ikitoka kati ya 2 na 3, tafuteni tatizo linalojirudia, litatuliwe, mpime tena mwezi mmoja. Ikizidi 3, simamisheni hapo, na kipimo hicho kifanyike angalau siku 60 kabla ya tarehe ambayo mkataba wa leseni unajihuisha wenyewe.